Mkate wa Kusoma kwa Sauti

Tarehe 6 Februari. Asubuhi ina ukungu. Jua limechungulia kidogo, likabadili mawazo, likarudi ndani.

Mdogo wangu Kabati,

Sisi wazima. Mama mzima, ni goti lake tu linalolalamika kuliko yeye mwenyewe. Mimi nimetoka zamu ya usiku bekari sasa hivi, nina unga mpaka kwenye nyusi. Nakuandikia kabla sijalala, kwa sababu nikisema nitaandika kesho, kesho huwa haiandiki barua.

Picha yako ya ubingwa wa mji imefika. Mama aliitazama akauliza, "Huyu kavimba hivi, wamempeleka hospitali?" Nikamwambia hiyo ni misuli, Mama, ndiyo kazi yake, na kombe amepewa. Akaitazama tena. "Na nguo wamemnyima?" Sasa umebandikwa ukutani sebuleni, ila kuanzia kiunoni kwenda chini amekufunika na kalenda. Mgeni akiingia anaona kifua, anaona tabasamu, halafu anaona Februari.

Msalimie mchumba wako msusi. Mwambie nywele alizonisuka bado zinanishika kichwa.

Sasa lililonileta. Umesema Kocha amekusanya simu zenu zote mpaka msimu uishe, mkae kambini mfikirie vyuma tu. Sawa, ndiyo sheria ya mchezo. Lakini Mama ana swali moja, ananiuliza kila siku nikivua viatu: anakula?

Dada yako.


19 Februari

Dada, shikamoo. Mama mpe shikamoo yake, na goti lipe pole. Mchumba anakusalimu, anasema nywele hizo zifumue, zimeshakuwa mali ya kale.

Ninakula. Mara sita kwa siku. Kuku wa kuchemsha bila chumvi, wali mweupe uliopimwa kwenye mizani, na majani. Kuku huyu, dada, ukimtafuna ni kama unatafuna barua ya serikali. Humalizi na huelewi.

Kambini tuko tisa. Milangoni tunapita ubavu. Jana yule tunayemwita Trekta aliwashwa mgongo, mkono ukagoma kufika, maana bega limeziba njia. Ikabidi tujipange mstari, kila mmoja amkune wa mbele yake. Wa mwisho alijikuna kwenye fremu ya mlango kama ng'ombe. Hivi ndivyo mabingwa wanavyoishi.

Nina ombi, na usicheke. Niandikie chakula. Umeoka nini jana? Niandikie yote, usiruke kitu. Najua ukiandika kwenye shajara yako unapanga mambo sawasawa, hili mwanzo, hili mwisho. Niandikie hivyohivyo. Usiku tumbo likianza maneno, nataka niwe na kitu cha kulisomea.

Kabati.


Tarehe 2 Machi. Mvua ya rasharasha tangu alfajiri, mtaa umetulia.

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilicheka, tena nilicheka mpaka Mama akaja kuona nimepatwa na nini. Nilipomsomea, hakucheka. Alisema, "Mwandikie, mtoto ana njaa." Haya, kaa chini.

Jana tuliweka hamira kwenye maji ya uvuguvugu na sukari kidogo, ikaanza kutoa povu taratibu, kama mtu anayetaka kusema jambo. Tukamimina kwenye unga. Donge likakandwa mpaka likaacha kushika mikono, likawa laini kama ndewe ya sikio la mtoto. Tukalifunika kitambaa chenye unyevu. Liliumuka mpaka kitambaa kikainuka kichwa. Tukaligonga, likatoa pumzi yake yote, tukalikata, tukalipanga kwenye trei.

Mlango wa tanuri ulipofunguliwa, harufu ilitoka kwanza, ikatusalimia, ndipo mikate ikafuata. Rangi yake ni ya kahawia upande uliotazama moto, na ya dhahabu ule mwingine. Mkate ukiwa wa moto hivyo huzungumza. Ganda linapasuka-pasuka polepole. Niliukata mmoja kabla ya wakati wake, mvuke ukanipanda usoni, nikaweka siagi, na siagi haikukaa. Ilizama.

Kula polepole.

Dada yako.


20 Machi

Dada, umetuua.

Nilisoma barua yako kimoyomoyo, lakini nilipofika kwenye siagi nikatoa sauti. Trekta akauliza nina nini. Nikamsomea. Wakaja wengine. Tulikuwa tisa, vifua kama milango ya ghala, tumekaa sakafuni tumekunja miguu kama watoto wa chekechea. Uliposema "ilizama", Trekta alifuta macho kwa taulo na kusema ni jasho.

Watatu waliondoka bila kuaga. Kocha aliwakuta nyuma ya duka wamekumbatia mkate mmoja. Alikuja akiwa mbogo, akaichukua barua yako kama kielelezo cha polisi, akaisoma akiwa amesimama. Halafu akaketi. Akarudi mstari wa kwanza, akaanza tena.

Hukumu imetoka: kuanzia sasa barua zote, zinazoingia na zinazotoka, zitapita kwake kwanza. Na zako zitasomwa Jumamosi tu, baada ya kupima uzito, na atakayesoma ni yeye. Anasoma vizuri, ana sauti ya redio. Wenzangu wana maombi. Mmoja anataka vitunguu vinavyokaangwa, anasema uandike bila haraka.

Habari kubwa nimeiweka nyuma makusudi: nimechukua ubingwa wa taifa. Mwenye kiwanda cha unga wa protini amenipa mkataba. Nitatokea kwenye mkebe. Dada, nimekuwa mkebe.

Kabati.


Tarehe 11 Aprili. Jua kali tangu asubuhi, upepo hakuna.

Mdogo wangu bingwa, na Kocha, maana najua umetangulia kufungua,

Hamjambo. Mama ameununua mkebe wako. Unga amempa jirani mwenye kuku, na sasa kuku hao wanatazama watu kwa dharau. Mkebe anawekea vifungo. Akitafuta kifungo anakuambia, "Hebu fungua kichwa, mwanangu."

Bekari zamu nzima imejiunga nami. Nikiandika, wanasimama nyuma yangu. Juzi tulibishana juu ya vitunguu. Mpima unga anasema vitunguu kwenye mafuta "vinalia". Mchochea moto anasema mtu aliye na akili hawezi kusema vinalia; "vinanong'ona". Wakashikana kola. Msimamizi akaja, akasikiliza pande zote mbili kwa makini, akaamua kwamba vinaanza kwa kulia, vikilainika vinanong'ona. Basi andikeni hivyo vichwani mwenu: vililia, vikalainika, vikawa vyekundu pembeni, vikanong'ona, na harufu ikatoka nje kuita wapita njia kwa majina yao.

Kabati, kitu kimoja. Barua ya kwanza nilimsalimia mchumba, na yeye akanisalimia. Ya mwisho hukumtaja. Yupo?

Dada yako.


30 Mei

Dada, shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, na samahani kwa mwandiko. Ni kalamu.

Nimeingia mashindano ya kulipwa. Nimekuwa wa pili. Siku moja kabla wanatupaka rangi nyeusi ya kung'aa, na shuka za hoteli zilibaki na mwili wangu wote, mgongo, makalio, kila kitu. Mhudumu alipofunua kitanda alidhani nimeondoka nikaacha kivuli.

Mchumba ana kazi nyingi. Siku yake ya kuzaliwa alikuja kambini, akanikatia keki, nikaipima kwenye mizani, nikamwambia ni kipande kizuri sana, nikamrudishia. Trekta alicheka mpaka akaomba kushikwa. Yeye hakucheka sana.

Miguu imevimba kidogo. Ni viatu.

Wananiongezea sindano za nguvu kwa ajili ya fainali kubwa ya Agosti. Ni kawaida, wote wanachomwa. Tuandikie keki, lakini ndefu, Kocha anasema ya matabaka.

Kabati.


Tarehe 14 Juni. Mawingu mazito, mvua haikunyesha, imetishia tu.

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama mzima. Keki mtaipata kwenye karatasi ya pili, matabaka manne, krimu kila tabaka; mpima unga ameongeza zabibu bila ruhusa yangu.

Lakini kwanza unijibu. Umeandika miguu imevimba kwa sababu ya viatu. Wewe tangu nakujua hupati viatu vya saizi yako. Unavaa kandambili hata kanisani. Kandambili gani hizo zinazobana?

Na mchumba ana kazi nyingi kiasi gani, hata salamu ishindwe kupita katikati ya kazi?

Kocha, kama unaziba maneno kwa wino, nitajua. Nina jicho la kuona mkate uliofunikwa na kitambaa kama umeumuka au umelala.

Dada yako.


1 Agosti

Dada, shikamoo.

Fainali ni Jumamosi ya tarehe 12. Nikishika nafasi ya kwanza, nitamnunulia Mama nyumba ambayo haina ngazi, goti lipumzike. Nimeshaiona nyumba yenyewe.

Safari hii usiniandikie keki. Niandikie maji. Siku nne za mwisho hatunywi kabisa, tunameza vidonge vya kutoa maji yaliyobaki, ngozi ishike misuli kama karatasi. Nataka barua yako ifike tukiwa tumekauka. Andika glasi moja tu, lakini vizuri.

[Hapa mistari miwili imefutwa kwa wino mweusi.]

Tuna furaha, tunachekana. Mkojo wangu siku hizi una rangi ya chai ya rangi, na Trekta anasema hiyo ndiyo rangi ya mabingwa, wake bado ni wa majani machanga. Nikisimama ghafla naona nyota, basi wananiuliza zinasemaje.

Kabati.


Tarehe 8 Agosti. Kumekucha kweupe, anga tupu, umande mwingi.

Barua hii naipeleka mwenyewe stendi, nimpe dereva mkononi. Isomwe siku hiyohiyo, Jumamosi au si Jumamosi.

Kocha, ni wewe unayesoma. Soma kwa sauti kama kawaida yako, na usiruke.

Hamjambo nyote tisa. Mama mzima, ila sijamwambia ninayoyaandika.

Kabati aliniomba glasi moja ya maji. Nilianza. Niliandika kwamba ilikuwa ya kioo, imetoka kwenye mtungi, jasho lake likateremka nje mpaka kwenye vidole vyangu. Nilifika hapo kalamu ikakataa. Zamu nzima ilikuwa nyuma yangu inasubiri, mchochea moto alikuwa tayari na neno lake, nikawaambia warudi kazini. Maji hayaandikwi. Maji yananywewa.

Kocha, ulifuta mistari miwili. Sina haja nayo. Ule mstari wa chai ya rangi uliouacha kwa kuona hauna neno, ndio ulionitoa kitini. Asubuhi nilimshika muuguzi anayekuja kununua mkate kwetu, nikamsomea pale mlangoni. Mkate ulimdondoka. Akaniambia miguu iliyovimba, mkojo wa rangi hiyo na sindano hizo ni figo zinaomba msaada, na mtu wa namna hiyo ukimnyima maji siku nne unamchimbia kaburi.

Basi mimi nauliza swali, na kila mmoja wenu ajibu mbele ya wenzake kabla hamjaendelea: mara ya mwisho ulikojoa lini?

Kabati, nyumba isiyo na ngazi ni nzuri. Mama anapanda ngazi polepole, anapumzika katikati, anatukana kidogo, anafika. Tumezoea. Ila nina mdogo mmoja tu, wa akiba sina.

Dada yako.


22 Agosti

Dada, shikamoo. Naandika nimelala, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Niko wodini. Ni mzima kuliko nilivyokuwa nikisema ni mzima. Na barua hii haijapita kwa Kocha.

Dereva wako alizunguka mji mzima akitutafuta. Alitupata Jumamosi nyuma ya jukwaa, tumeshapakwa rangi, tunang'aa kama sufuria mpya. Kocha akafungua, akasafisha koo, maana alidhani ni maji. Kila mtu akafumba macho. Ulipofika kwenye jasho la glasi, mmoja akaguna.

Halafu likaja swali. Kocha alilisoma kwa sauti ileile ya redio, akalisikia limeshatoka. Trekta akasema, "Jana mchana." Mwingine akasema, "Jana asubuhi, kijiko kimoja." Wakanigeukia mimi. Nikahesabu nyuma, nikapita Ijumaa, nikapita Alhamisi. Nikasema, "Jumatano." Nilitaka kucheka, maana kila kitu kambini tulikicheka, lakini hakuna aliyecheka nami. Nikasikia lile neno, Jumatano, likiwa limekaa pale peke yake.

Palikuwa na jagi la majaji kwenye sinia, lina vipande vya limau. Nikaliendea. Kocha akasema, "Ukinywa hayo, umeuzika mkataba wako." Trekta akamwambia, "Kocha, mwache, dada amesema." Dada, wewe hawajawahi kukuona.

Nikanywa. Siwezi kukuandikia yalivyokuwa, ulisema kweli, hayaandikwi. Hapo hapo jina langu likaitwa, mazoea yakanipeleka. Nilisimama mbele ya watu, maji yananitiririka kidevuni, rangi inashuka kifuani mistari mistari kama pundamilia, na mimi natabasamu nashindwa kuacha. Nilikuwa wa tisa kati ya tisa. Trekta wa nane, kwa sababu alimalizia jagi. Nilianguka nikiwa nateremka, na wao ndio walionibeba. Nasikia walishindwa kupita mlangoni wote kwa pamoja, ikabidi waende kwa zamu.

Sasa yale niliyoyanyamazia. Mchumba aliondoka siku ya keki. Alikwenda kufunga mizigo wakati sisi bado tunacheka. Mistari iliyofutwa ilikuwa hii: mwezi wa sita nilianguka, muuguzi wa huku akataja figo, nikamwomba asirudie neno hilo mbele yangu. Kocha alifuta, lakini mimi nilifurahi amefuta.

Mkataba umekwisha. Kwenye mkebe wameweka mtu mwingine. Mwili unaondoka, kila siku naamka nimepungua, muuguzi ananigeuza kwa mkono mmoja. Wamenitia mpira wa mkojo. Daktari anasema figo huenda zikaamka, huenda zisiamke, tungoje. Hakuna anayejua mtaniita nani nikirudi.

Mdogo wako.


Tarehe 16 Septemba. Asubuhi ya ubaridi mtamu, mawingu mepesi, jua limetoka na kukaa.

Mdogo wangu,

Najua uko chumba cha pili na naweza kukuita kwa mdomo. Lakini miezi yote hii tumezoea kuambiana ukweli kwa posta, na mdomoni haunitoki. Barua hii nitaipitisha chini ya mlango.

Ulipoteremka kwenye gari leo asubuhi, shati lilishuka kwanza, wewe ukafuata. Mama alikutazama kutoka utosini mpaka kwenye kandambili. Nilijua moyoni unaogopa atakachosema. Akasema, "Umechelewa, maji ya kuoga yamepoa." Basi. Ukaingia ukafunga mlango.

Daktari alikuwa ametoa mpira asubuhi hiyohiyo. Aliniambia pembeni kwamba figo zinaonyesha dalili, lakini dalili si mkojo. Ufike nyumbani, utulie, unywe. Ikifika jioni hujaenda mwenyewe, tukurudishe, na safari hiyo mazungumzo yatakuwa mengine. Sikukwambia hayo mazungumzo mengine ni yapi. Ni mashine ya kusafisha damu, mdogo wangu, maisha yote. Mama nilimwambia. Nilishindwa kulibeba peke yangu.

Wewe unaujua upande wako wa mlango. Huu ni upande wetu.

Tuliweka viti viwili kwenye korido. Mimi nilishika sindano na soksi, Mama alishika bakuli la maharage ya kuchambua. Soksi sikuishona na maharage yalichambuliwa mpaka yakarudiwa. Ulipokohoa, tulisimama. Kitanda kilipolia, tulisimama. Ukauliza kutoka ndani, "Mnanisikiliza?" Mama akajibu, "Nani akusikilize, tunapumzika hapa." Ukasema, "Kwenye korido?" Akasema, "Kuna upepo." Hakuna upepo kwenye ile korido tangu nyumba ijengwe.

Adhuhuri ikapita. Mama akaenda jikoni akafungua bomba, akaliacha litiririke. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema nilipokuwa mdogo ndivyo alivyonifanyia, na sijawahi kumwangusha. Tukakaa tunasikiliza bomba. Nilisikia midomo yake ikisoma kitu polepole, nikaacha kumtazama.

Ukafungua mlango. Ukatupita, umeshika suruali isianguke, ukaingia chooni. Mama akanishika mkono. Maharage yakaenda sakafuni. Kwanza hakukuwa na kitu. Halafu kidogo, kama mtu anayejaribu kalamu. Kukawa kimya. Halafu kukaja, mdogo wangu, kukaja sawasawa, kukaendelea, sijapata kusikia sauti ndefu namna ile katika maisha yangu, na mimi huishi na mikate inayozungumza.

Mama akapiga vigelegele. Wewe ulidhani nini? Nilisikia umeacha ghafla, ukasema, "Mama, tafadhali," halafu ukacheka, ukashindwa kujizuia, ukaendelea huku unacheka. Jirani alikuja mbio kwenye mlango wa mbele akauliza kuna harusi au kuna mtoto. Mama akamwambia, "Mwanangu amekojoa." Jirani akafikiri kidogo, na yeye akapiga vigelegele, kwa sababu ni mtu mwenye adabu.

Nimempigia daktari. Ameuliza rangi ikoje, nimemwambia sikuingia nawe. Amesema kesho tulete kwenye chupa, lakini alikuwa anacheka, na madaktari hawacheki bure.

Uliniuliza tukuite nani. Sijui. Majina yako yote ya zamani yamekuwa mapana kuliko wewe. Mchana huu Mama amekuita mara tatu na mara zote alisema "wewe" tu, na ukaitika. Tuanze na hilo.

Usiku huu sina zamu, nimeomba ruhusa. Sijafumba macho tangu juzi. Mama bado anaokota maharage na kucheka peke yake. Nalala sasa, saa kumi na moja kasoro robo jioni, nikiwa na viatu.